Nasaba ya Benchi Kuukuu Isomwe Kwenye Mbao

Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Waliowaza hayo walikuwa wakitazama vyombo vya baharini, lakini msemo huo unawafaa pia wapitao Kitengela, ambako samani za mbao, mpya na zilizokwisha tumika, hupangwa kando ya barabara iendayo Kajiado na Namanga. Miongoni mwa samani hizo hutokea benchi refu, zito, ambalo rangi yake imeiva kwa miaka mingi. Anayeuliza bei hutajiwa pia nasaba: benchi hili lilikuwa katika stesheni ya Kajiado tangu enzi za mkoloni. Nasaba hiyo huipandisha bei. Je, huthibitishwa vipi? Na kwa nini jambo hilo litushughulishe sisi tusio na haja ya kununua benchi?

Kwanza tukiri kwamba hadithi yenyewe si ya ajabu. Kajiado ni mji wa reli. Njia inayoachana na reli kuu pale Konza na kuteremka hadi Ziwa Magadi, iliyokamilika mwaka 1915, hupitia hapo. Hata hivyo, ilijengwa hasa kwa ajili ya kusafirisha magadi, si abiria. Kwa hiyo anayedai kwamba mabenchi mengi ya abiria yametoka katika stesheni hiyo moja anapaswa kutueleza abiria hao wote walikuwa wakielekea wapi.

Mali ya reli aghalabu ilipigwa chapa ya mwenyewe, na chapa hizo ni kalenda kwa ajuaye kuzisoma. Herufi UR ni za Reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896. KUR ni za jina lililofuata katika miaka ya 1920, Kenya ilipotajwa pamoja na Uganda. EAR&H haziwezi kuwa za kabla ya mwaka 1948, ambapo reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya, lenye herufi KR. Basi muuzaji akikuonyesha chapa ya EAR&H na kuapa kwamba benchi lilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chapa yake mwenyewe inamkana.

Lakini chapa nayo yaweza kughushiwa na yeyote mwenye chuma na moto. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu halitazami benchi usoni tu, hulipindua. Seremala wa zamani hakupoteza nguvu zake kulainisha mahali pasipoonekana, hivyo upande wa chini huhifadhi alama za msumeno na randa. Mikwaruzo iliyopinda mfano wa upinde ni ya msumeno wa duara unaoendeshwa kwa mashine. Uchakavu nao una mantiki yake. Kiti hulika mahali watu wanapokalia, ncha ya mkono hulainika mahali wanaposhika wakiinuka, na miguu huoza kuanzia chini inakokutana na maji ya kudekia. Benchi lililozeeka sawasawa kila pahali, hata mvunguni, limezeeshwa na msasa na rangi, si na miaka.

Viungo pia husema. Samani nzuri za zamani zilishikwa kwa ulimi ulioingizwa katika tundu na kukazwa kwa kijiti, wala si kwa misumari mitupu. Skurubu zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930. Zikionekana katika benchi linalodaiwa kuwa la mwaka 1915, ama benchi si la mwaka huo ama limekarabatiwa. Kwa upande mwingine, skurubu yenye mfuo mmoja haithibitishi ukale, maana huuzwa hadi leo. Vivyo hivyo vipimo vya inchi: nchi yetu ilishika mita baada ya uhuru, lakini mbao bado tunaziagiza kwa inchi na futi. Waama, dalili hizi zina nguvu zaidi ya kukanusha kuliko ya kuthibitisha. Dalili moja yatosha kuuangusha uongo, ilhali ukweli huhitaji dalili nyingi zinazopatana.

Mbao zenyewe zatueleza jambo, ingawa si yote. Mvule huanza na rangi ya manjano, kisha huiva ukawa kahawia kadiri miaka inavyopita. Mtarakwa hutoa harufu tamu ukikwaruzwa kidogo mahali palipofichika. Saipresi ni mgeni aliyetoka Mexico, akapandwa katika mashamba ya misitu yetu wakati wa ukoloni. Aina ya mti hutufahamisha msitu, haitufahamishi benchi lilikaa wapi, kwani mbao husafiri. Umbo ndilo hukaribia kutuonyesha makao. Benchi la kanisa huenda likawa na rafu ya vitabu mgongoni au ubao wa kupigia magoti. La shule huwa jembamba, pengine halina mgongo, na majina ya wanafunzi yamechongwa kwa ncha ya bikari.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 iliweka mpaka: kifaa cha kale ni kile kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya mwaka 1895. Mlango uliochongwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1946, kama ile ya Lamu, ulitajwa waziwazi kuwa kitu cha kulindwa. Benchi la reli halikutajwa. Reli yenyewe ilianza mwaka 1896, mwaka mmoja tu nje ya mpaka huo! Kwa hiyo, isipokuwa waziri atoe tangazo rasmi, au kifaa kibahatike kufika katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971, historia ya samani hizo imo mikononi mwa anayeuza na anayenunua.

Lipo pia suala la haki. Benchi likiwa kweli lilitoka stesheni, shule ya umma au ofisi ya serikali, basi liliwahi kuwa mali yetu sote. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 ilieleza namna mali hiyo inavyoondolewa, zikiwemo zabuni na mnada wa hadhara. Mambo hayo huacha karatasi. Muuzaji anayejisifu kwamba benchi lake ni la serikali, naye hana karatasi yoyote, anajisifia jambo ambalo lafaa limtie hofu, kwani kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu humwandama anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi.

Pendekezo letu si gumu. Shule, kanisa au shirika linapouza samani zake kuukuu, liandike mistari mitatu: kitu kilikuwa wapi, tangu lini, kimeuzwa kwa nani. Muuzaji wa Kitengela aiambatanishe karatasi hiyo na benchi, na mnunuzi aidai pamoja na risiti. Muuzaji mwaminifu hatapata hasara, kwani kizuri chajiuza. Na asiyekuwa na karatasi aseme tu kwamba analo benchi zuri la mvule, imara, lenye miaka mingi. Hiyo nayo ni sifa tosha, na mteja ataweza kuihakiki papo hapo kwa kulipindua.