Nani Aliyeutunga Wimbo Huu?

Ikiwa makazi yako ni Ngarenaro, Kaloleni au Unga Limited, huhitaji kufungua redio ili upate muziki siku ya Jumapili. Asubuhi matarumbeta ya kanisani husikika kutoka mbali. Mchana kwaya hukaa mazoezini. Jioni baa ya jirani hufungulia rumba za zamani, na usiku vijana huketi mbele ya luninga wakicheza michezo ya video yenye muziki wa kishindo kama wa sinema. Nyimbo hizo twazijua, na nyingine twaziimba bila kukosea neno. Lakini hebu waulize walioketi nawe mezani leo: nani aliyezitunga? Jina la mwimbaji litatajwa upesi. La mtunzi, aghalabu, litakosekana.

Chukua wimbo ambao kila mtoto wa shule anaujua. Sauti ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya katika eneo la Johannesburg. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Wimbo wake uliendelea na safari bila yeye, na mwaka 1961 ukawa wimbo wa taifa letu. Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi, hadi lilipotambuliwa katika makaburi ya Braamfontein na kutangazwa kumbukumbu ya taifa mwezi Septemba 1996, wakati wa Rais Mandela. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu mataifa kadhaa yalisimama wima kwa heshima ya wimbo wa mtu ambaye hakuna aliyeweza kuonyesha mahali alipolazwa.

Wala usidhani kwamba Waafrika peke yao ndio husahau. Johann Sebastian Bach, Mjerumani, aliongoza muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu 1723 hadi alipokufa mwaka 1750. Kazi zake kubwa zilikaa kabatini karibu miaka 80, hadi kijana Felix Mendelssohn alipoongoza ile ya Mateso kwa Injili ya Mathayo mjini Berlin mwaka 1829.

Leipzig ni jina lisilo geni katika miteremko ya Meru. Wamisionari waliofika huku mwishoni mwa karne ya 19 walitumwa na chama cha mji huohuo. Wawili wa kwanza waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, na adhabu ya jeshi la wakoloni iliyofuata ilikuwa ya kikatili. Wenzao walirudi mwaka 1902 wakajenga Nkoaranga. Pamoja na kitabu na shule, walileta matarumbeta ya shaba na uimbaji wa sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Mpangilio huo wa sauti, ambao leo kila kwaya ya Arusha hauulizi ulikotoka, ndio ambao Bach aliufikisha kileleni.

Hata hivyo palikuwa na dosari ambayo mwenye sikio la Kiswahili huitambua mara moja. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti za Kijerumani zilitungwa kwa ajili ya maneno ya Kijerumani, ambayo mara nyingi huishia kwa kishindo. Maneno ya Kiswahili yalipopachikwa juu yake, mpigo mzito uliangukia mahali pasipostahili. Neno “Bwana” likaimbwa kana kwamba uzito wake uko kwenye “na”. Waumini walizoea, kwa maana mtu huzoea hata kiatu kinachombana, lakini wimbo ulibaki umevaa nguo za kuazima.

Hapo ndipo tunapofika Makumira. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, kabla hujaingia Usa River, utakikuta chuo cha Walutheri ambacho siku hizi ni chuo kikuu. Katika miaka ya 1960 mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliwahimiza wanafunzi wake walete sauti za makwao, yaani za ngoma, za arusi na za kazi, na kuzitungia maneno ya ibada. Nyimbo hizo zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Tumshangilieni Mungu. Mkusanyaji anastahili shukrani. Lakini mtunzi ni mtunzi, na kati ya wanafunzi wale alikuwapo Bernard Kyamanywa, mzaliwa wa mwaka 1938 kutoka upande wa Bukoba.

Mwaka 1966 Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya. Uimbe taratibu uone ulivyojengwa. Beti zinasimulia habari hatua kwa hatua, kama mtu anayepasha jirani habari njema mlangoni, na kila ubeti ukiisha umati mzima unaitikia kwa furaha. Mpigo unaangukia pale pale ulimi wa Mswahili unapoutaka. Asiyejua kusoma anaweza kuitikia tangu ubeti wa kwanza. Hayo hayatokei kwa bahati, bali ni kazi ya mtu aliyekaa akapima kila silabi. Mwenzake Wilson Niwagila, naye mwana wa Kagera, alitunga Njoo Kwetu, Roho Mwema kwa mtindo uleule.

Na sasa sikia lililotokea. Mwaka 1969 wimbo wa Kyamanywa ulitiwa Kijerumani na Ulrich Leupold, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Olson aliutia Kiingereza, nao umo pia katika vitabu vya Walutheri wa Marekani. Mji wa Bach ulituletea nyimbo, na Mlima Meru umeulipa deni. Lakini angalia jambo moja dogo. Katika vitabu hivyo vya ng’ambo jina la Kyamanywa linatajwa kwa maneno, ama kuhusu sauti imeandikwa tu kwamba ni ya asili ya Tanzania. Nakubali kwamba sauti za jadi hazina mwenyewe mmoja. Hata hivyo neno “asili” ni shimo refu, na watu wengi wenye majina yao wamezikwa humo.

Tuingie mjini. Wapenzi wa rumba wanaomsifu Simba Wanyika kama bendi ya Nairobi yafaa wajue kwamba chimbuko lake moja ni hapa Arusha. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz ya Tanga mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha na, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Mombasa, na mwaka 1975 wakahamia Nairobi. Ni vigumu kuwalaumu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na mwanamuziki aliyetaka wimbo wake ununuliwe dukani alilazimika kuelekea Kenya. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaanzisha Les Wanyika. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Magitaa yao yanayojibizana bila haraka, moja likiuliza na jingine likijibu, yangali yanasikika katika baa na mabasi ya mkoa huu, na msikilizaji huimba pamoja nayo bila kujua kwamba bendi hiyo iliwahi kubeba jina la mji wake.

Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro namtaja kwa kupita tu, si kwa kumdharau. Huyu angalau jina lake halikupotea, ijapokuwa ajali ilimchukua mapema mno, huko Mombasa, Januari 1979.

Imebaki michezo ya video, ambayo wazazi wengi huiona kuwa kelele tupu. Mwaka 2005 mtunzi Mmarekani Christopher Tin aliutungia mchezo uitwao Civilization IV wimbo wa ufunguzi. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ambayo Chris Kiagiri aliisaidia kuingia katika wimbo, na jina lake ni Baba Yetu. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kupata heshima hiyo. Ni wimbo mzuri, na mtoto wako huenda anaujua kuliko wewe. Muulize pia kama amepata kumsikia Padre Stephen Mbunga, Mtanzania wa upande wa Songea, aliyetunga Misa Baba Yetu miaka mingi kabla Tin hajazaliwa.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya malipo na haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, na COSOTA iliundwa chini ya sheria hiyo. Lakini shauri huanza mbali na ofisi, penye karatasi za kwaya zenye do, re, mi. Jina la mtunzi huandikwa juu, upande wa kulia. Karatasi inapotolewa nakala ya nakala, ukingo hukatwa, na jina huondoka nao. Katibu wa kwaya akiwa na kalamu, kulirudisha ni kazi ya dakika moja.