Betri Isituache Njiani

Mwezi huu tunaomba kuongea nanyi juu ya kitu ambacho kimetufundisha kwa uchungu: betri ya kompyuta ya mkononi.

Mwaka jana darasa letu la jioni lilikuwa na kompyuta moja tu kwa wanafunzi 31. Dada mmoja kati yao, aliyekwisha maliza sekondari, alikuwa anaandika maombi ya msaada wa masomo. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuyatuma, saa kumi na moja jioni, jenereta imeshazimwa. Kompyuta ilionyesha asilimia 40. Tukasema hakuna shida, inatosha. Kumbe! Haikupita hata dakika kumi, ikazima yenyewe. Barua ilikuwa nusu. Kulipokucha, muda ulikuwa umepita. Dada yule hakulia mbele yetu, alisema tu: "Basi walimu, ni mwaka kesho." Neno hilo limetukaa moyoni mpaka leo.

Tungependa kusema ilikuwa bahati mbaya. Lakini tuseme ukweli: betri ile tuliiua sisi wenyewe. Kila siku tulikuwa tunaiacha kwenye chaji toka asubuhi, mezani chini ya bati, na saa sita mchana bati linawaka moto. Tena tulikuwa tumeshauriwa kuitumia mpaka izime kabisa ndipo tuichaji. Shauri hilo lilifaa betri fulani za zamani za nikeli. Za sasa ni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, na tabia yake ni nyingine.

Ndani ya betri, lithiamu inasafiri kati ya pande mbili: ukichaji inakwenda, ukitumia inarudi. Kila safari inaichosha kidogo. Betri nyingi zinavumilia safari nzima 300 mpaka 500, halafu zinabaki na kama asilimia 80 ya nguvu ya mwanzo. Zinazeeka mbio kwa mambo matatu: joto, kukaa imejaa kwa muda mrefu, na kumalizwa kabisa mara kwa mara. Joto na kujaa vikikutana, hapo ni hatari zaidi. Betri iliyochoka inaweza pia kudanganya hesabu, kama ile asilimia 40 yetu.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tuiepushe na joto. Usiiweke juani, juu ya blanketi wala godoro, maana matundu ya hewa yanazibwa. Iweke juu ya ubao au meza, kivulini.

Pili, chaji ikifika kama asilimia 80, chomoa. Ikishuka kwenye 20, rudisha kwenye chaji. Ukiwa na safari au mtihani, ijaze, lakini uijaze karibu na saa ya kuitumia.

Tatu, ukiiweka wakati wa likizo, iache na chaji nusu, uizime kabisa.

Nne, usiunganishe kompyuta moja kwa moja na paneli ya sola. Na jenereta ikiwa inawashwa, chomoa kwanza, subiri umeme utulie. Kabla ya kuazima chaja ya jirani, soma maandishi: volti ziwe sawa na za chaja yako, na ampea zisiwe pungufu.

Tano, tupunguze ulaji. Betri yenye wati-saa 50, kompyuta ikila wati 10, inakaa saa 5. Ikila wati 20, ni saa 2 na nusu tu. Kwa hiyo punguza mwanga wa kioo, zima intaneti na Bluetooth kama huvihitaji, funga programu usizotumia. Muziki na filamu vingoje siku nyingine.

Akina mama na akina baba, hili tunalisisitiza: betri ikivimba, kompyuta ikafura au isifunge vizuri, acha kuitumia na kuichaji siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiikandamize, usiitupe motoni. Inaweza kulipuka na kuwaka. Iweke mbali na nyumba na watoto, mwite fundi anayejua. Nyumba zetu zimekaribiana, moto wa mmoja ni moto wa wote.

Wengi wetu tumetoka Kongo. Betri nyingi za namna hii zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, sehemu za Kolwezi na Likasi. Ndugu zetu wanaitoa ardhini kwa jasho. Ni aibu sisi kuichoma bure chini ya bati.

Dada yule ameomba tena mwaka huu. Safari hii hakungoja siku ya mwisho. Aliandika mapema, akihifadhi kazi yake kila baada ya aya moja, na maombi yalitumwa siku kumi kabla ya muda kwisha. Betri tuliyonunua kwa mchango wa wazazi ilibaki na chaji. Jibu bado tunalingoja pamoja naye. Mumwombee.

Tuonane mwezi ujao.

Sisi walimu wenu wa darasa la jioni