Mashujaa Wawili na Dubwana Moja: Ushirikiano wa Majagina katika Katuni kwa Mtazamo wa Isiolo

Utangulizi

Mwezi wa Januari mwaka 2020, makundi ya nzige wa jangwani yaliingia katika malisho ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Nchi ilikuwa haijashuhudia uvamizi wa kiasi hicho kwa takriban miaka 70. Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kundi lililoenea katika eneo la kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha kuwatosha watu 35,000. Nzige hao hawakubagua malisho ya Mborana na ya Msamburu, ya Mturkana na ya Msomali, wala mashamba ya Mmeru. Walikuwa adui asiye na kichwa kimoja cha kukatwa.

Msomaji wa katuni za mashujaa atamtambua adui wa namna hiyo mara moja. Ndiye dubwana ambalo shujaa mmoja, hata awe na nguvu za ajabu, hawezi kulishinda peke yake, na ambalo huwalazimu mashujaa wawili wasiojuana kuungana. Makala haya yanafafanua jinsi hadithi za aina hiyo zinavyojengwa, uhusiano wake na masimulizi ya Kiswahili, na funzo lake kwa mtunzi wa Isiolo. Hoja kuu ni kwamba katika katuni hizo, ushirikiano wa mashujaa ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la nguvu.

Muundo wa hadithi za ushirikiano

Katuni za majagina zilistawi nchini Marekani. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, alijitokeza mwaka 1938, naye Batman akafuata mwaka 1939. Kila mmoja alikuwa na mji wake, maadui wake na siri yake. Mwaka 1952 ilitolewa hadithi iliyowakuta katika chumba kimoja cha meli, wakiwa katika mavazi yao ya kiraia, na hapo kila mmoja akaijua siri ya mwenzake. Kuanzia mwaka 1954 wakawa wanashirikiana mara kwa mara katika jarida la World's Finest Comics. Yafaa kuzingatia kwamba kilichofungua ushirikiano wao ni kufahamiana. Siri ilipofichuka ndipo walipoweza kusema kweli wao kwa wao.

Mwaka 1976 kampuni mbili zilizokuwa mahasimu wa kibiashara, DC na Marvel, zilitoa kwa pamoja kitabu kilichowakutanisha Superman na Spider-Man. Maadui wao walikuwa Lex Luthor na Doctor Octopus, mtu mwenye mikono minne ya chuma mgongoni. Luthor alijivika sura ya Superman akawateka wanawake wawili, naye Spider-Man akaamini kwamba mtekaji ni Superman mwenyewe. Mashujaa hao wakapigana kwanza. Walipotua na kuzungumza, waligundua kwamba wamechezewa, na hapo ndipo walipowageukia maadui wao halisi.

Kutokana na mifano hii, hatua nne zinabainika. Kwanza, mashujaa hukutana katika tukio ambalo kila mmoja analiona kwa upande wake. Pili, hutoelewana, na mara nyingi hupigana. Tatu, hufichuliana jambo ambalo lingebaki siri. Nne, hugawana kazi kulingana na uwezo wa kila mmoja. Mtunzi akiiruka hatua ya tatu, hadithi hubaki ya watu wawili wanaorusha ngumi upande mmoja.

Tofauti ndiyo nguvu

Swali linalozuka ni kwa nini watunzi wasimwongezee shujaa mmoja nguvu maradufu. Jibu ni kwamba ushirikiano hauhitaji wingi wa nguvu tu, bali tofauti ya nguvu. Superman anaruka angani na risasi haimdhuru. Batman hana nguvu zipitazo za binadamu. Silaha yake ni uchunguzi na subira. Anachokosa mmoja, mwenzake anacho.

Upweke wa shujaa nao una gharama yake. Mwishoni mwa mwaka 1992, Superman alipambana na dubwana liitwalo Doomsday lililokuwa limewashinda wenzake. Katika pambano la mwisho alisimama mwenyewe. Akaliua, naye akafa. Fasihi ya Kiswahili inalijua jambo hili kwa muda mrefu. Fumo Liyongo wa pwani hakuweza kuuawa kwa silaha ya kawaida, lakini hakuwa na mwenzi wa kumlinda mgongo. Siri ya kifo chake ilipomfikia mwanawe, sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni ilitosha. Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa, hawakumbagua mwenye kidole chenye nguvu.

Dubwana katika masimulizi ya Kiswahili

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyiko wa ngano za Waswahili zilizosimuliwa Unguja. Miongoni mwazo imo ngano ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake alianza kwa kula wanyama wa watu. Kila walipomshtakia, Sultani alimtetea kwa kuwa ni paka wake. Paka akakua akawa Nunda, mla watu, hata wana wa Sultani wakaliwa. Aliyemwua ni mwanawe mdogo, ambaye watu walimdharau.

Ngano hii ina mambo mawili ambayo mtunzi wa katuni anaweza kuyatumia. La kwanza ni kwamba dubwana halikutoka mbali; lililelewa nyumbani na likakuzwa na mwenye mamlaka aliyekataa kusikia. La pili ni kwamba kijana hakumpata Nunda mara moja. Aliwaua wanyama kadhaa akidhani ndio, na kila alipomrejea mama yake, aliambiwa kwamba huyo siye. Nguvu za kuua alikuwa nazo tangu mwanzo. Kilichomchelewesha ni kumtambua adui. Mama anayesahihisha ni mshirika kamili, ingawa hakushika mkuki.

Katuni nchini Kenya

Kenya haikukosa wachoraji wa kuiendeleza sanaa hii. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Mwaka 1996 Gado aliwaletea wasomaji Abunuwasi katika kitabu cha katuni cha Kiswahili. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi Kenya hadi kifo chake mwaka 2012, alimbuni Akokhan, jagina wa Kiafrika mwenye nguvu za ajabu. Jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, liliwaendea vijana kwa Sheng.

Mfano ulio karibu zaidi na mada hii ni Super Sema, filamu za vibonzo za mwaka 2021 zilizobuniwa na kampuni ya Kukua. Humo msichana Sema na pacha wake MB wanapambana na Tobor, roboti dhalimu, kwa kutumia sayansi na ubunifu. Jina la msichana ni kitenzi cha Kiswahili, nalo linaafikiana na hoja ya makala haya: silaha ya kwanza ya mashujaa wawili ni kusema.

Isiolo na hatari ya dubwana lenye sura ya jirani

Mji wa Isiolo uko kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Marsabit na Moyale. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana humo sokoni, shuleni na hospitalini, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasiojua lugha za wenzao. Mashujaa wawili wa katuni wakitoka katika jamii mbili za Isiolo, hatua ya tatu iliyotajwa hapo juu, yaani kufichuliana, itatimia kwa Kiswahili.

Hata hivyo, hapa pana hatari ambayo haina budi kutajwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya katuni za Marekani ziliwachora Wajapani kama madubwana yenye meno ya kutisha. Msomaji alifunzwa kuliona taifa zima kuwa zimwi. Mnamo 2011 na 2012, Isiolo ilikumbwa na mapigano baina ya jamii, na watu wakapoteza maisha na makazi. Katika mazingira hayo, mchoraji anayelivika dubwana mavazi, shanga au lafudhi ya jamii fulani huwa ametenda kosa kubwa kuliko udhaifu wa sanaa. Anafanya kazi ya Luthor: kumvika asiye na hatia sura ya adui.

Kinga yake ni kuchagua dubwana ambalo kweli huwala wote. Nzige wa mwaka 2020 ni mfano mmoja; ukame ulioandamana na misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ni mwingine. Katika vita dhidi ya nzige, ndege zilinyunyiza dawa kutoka angani, nao watu wa mashinani wakatoa habari za mahali makundi yalipotua. Rubani alikuwa na nguvu ya kuruka lakini hakujua kila bonde. Mfugaji alilijua bonde lakini hakuwa na dawa. Hiyo ni jozi kamili ya mashujaa wa katuni, na kilichowaunganisha ni habari iliyotamkwa na kueleweka.

Mbinu za katuni zinaweza kulibeba jambo hili vyema. Katika visanduku vya mwanzo, kila shujaa aonekane peke yake, na kiputo cha maneno yake kisimfikie mwenzake. Wanapoanza kuelewana, wachorwe katika kisanduku kimoja, viputo vikigusana. Dubwana lipewe ukurasa mzima ili ukubwa wake uonekane. Kuhusu lugha, kila mhusika azungumze Kiswahili chenye athari ya kwao bila kufanyiwa mzaha, kwa kuwa lafudhi ikifanywa kichekesho hugeuka kuwa alama ya kumtenga mtu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hadithi ya mashujaa wawili dhidi ya dubwana si mchezo wa watoto tu. Inauliza nani ni adui, nani ni mwenza, na watu wasioaminiana watawezaje kulijua hilo kabla hawajaumizana. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Isiolo na sehemu nyingine za kaskazini wamelelewa kati ya lugha kadhaa, na wanazijua ngano za mazimwi za kwao. Inapendekezwa wazikusanye ngano hizo, wazilinganishe na ile ya Nunda, kisha washirikiane na wachoraji kuzitoa katika katuni za Kiswahili. Wahadhiri nao wazipokee kazi za aina hiyo kama matini halali ya uhakiki. Kijana anayesoma ngano ya kwao sambamba na ya jirani yake atakuwa amekwisha kuanza kuzungumza naye.