Picha za mandhari: mtaji mdogo, subira ndefu

Atokaye Korogwe kwenda Mashewa hufuata bonde la mto Lwengera, milima ya Usambara Magharibi ikiwa kushoto kwake na ile ya Usambara Mashariki kulia. Mfanyabiashara apitaye hapo huwa anawaza bei ya gunia la mahindi na gharama ya lori. Wiki hii safu hii inamwomba aitazame milima yenyewe kama mali ghafi, kwani wapo wanaoweza kuigeuza kuwa bidhaa kwa brashi na rangi.

Hali ya soko ieleweke kwanza. Picha nyingi za mandhari wanazouziwa watalii Dar es Salaam, Arusha na Unguja huchorwa chumbani. Utaona mlima Kilimanjaro, mbuyu, tembo watatu na jua linalozama. Mchoraji halazimiki kuuona mlima. Hunakili picha ya mwenzake, naye mwenzake alinakili ya mwingine. Duka la jirani lina picha hiyo hiyo, kwa hiyo mnunuzi hushindanisha bei mpaka faida inakwisha. Hilo ni soko lililofurika, na mwenye mtaji mdogo asiingie huko.

Picha ichorwayo nje, mahali penyewe, ni bidhaa ya namna nyingine. Mchoraji husimama mbele ya bonde na kuweka rangi haraka, kwa mapigo mazito ya brashi yanayoonekana wazi, akifuata mwanga na jinsi mahali panavyomgusa badala ya kuhesabu majani. Mtindo huu ulipata jina la impreshonizimu baada ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1874. Uliwezeshwa na jambo la kibiashara kabisa: mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya mrija wa bati wa kuhifadhia rangi. Kabla ya hapo rangi ya mafuta ilibebwa katika vibofu vya nguruwe, ikikauka na kumwagika njiani.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa zamani. Mchoraji wa Finland, Akseli Gallen-Kallela, alifika Kenya mwaka 1909 pamoja na mkewe na watoto wawili, akakaa hadi mwaka uliofuata. Alichora picha za rangi ya mafuta zinazokadiriwa 150, nyingi zikiwa za nyika, milima na watu, kwa rangi kali ambazo hakuwa akizitumia kwao. Alipoondoka aliondoka na mzigo wake, na leo anayetaka kuona Kenya ya 1909 kwa macho yake hana budi kusafiri hadi Finland. Mandhari ni yetu, mali ikawa yao.

Hata hivyo hatukukosa wachoraji. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na kisha London, alichora maisha na migomba ya miteremko ya Kilimanjaro. Picha yake moja ya mwaka 1956 imo katika jumba la MoMA, New York. Edward Saidi Tingatinga naye alifika Tanga miaka ya 1950 kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuanza kuchora mwaka 1968. Alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli, vitu vya bei nafuu vilivyopatikana dukani.

Hapo ndipo gharama zinapoingia. Ukiomba "rangi ya mafuta" kwenye duka la vifaa vya ujenzi utapewa ya kupaka milango. Hiyo hukauka kwa saa chache na kung'aa, lakini ni vigumu kuichanganya taratibu kupata zile kijani nyingi za Usambara au rangi ya kijivu-buluu ya mkonge. Rangi ya mrija ni ghali zaidi, na buluu ya kobalti na nyekundu ya kadimiamu ni miongoni mwa zilizo ghali sana. Mwanzoni buluu ya ultramarini inatosha. Kitambaa si tatizo: marekani nzito ikivutwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa tabaka la msingi hufanya kazi nzuri.

Muda nao ni gharama. Mwanga mzuri upo asubuhi mpaka kama saa tatu na nusu, na tena kuanzia saa kumi jioni. Saa sita jua huwa utosini, vivuli hupotea na bonde huonekana bapa. Siku moja basi hutoa picha mbili, pengine moja. Tuseme mchoraji amefanya picha kumi na tatu tu ndizo zimenunuliwa: hizo tatu lazima zibebe gharama za zote kumi. Wengi husahau hesabu hii wanapopanga bei.

Wanunuzi wa picha kama hizi si watalii wa haraka. Ni hoteli, benki, ofisi na wakusanyaji. Nairobi, mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki ulioandaliwa na Circle Art Agency mwaka 2013 ulionyesha kwamba wakusanyaji wapo, lakini hutaka jina la mchoraji, mwaka na mahali vilivyoandikwa. Andika "Mashewa" nyuma ya kila picha, haigharimu kitu.

Jambo la sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999, kununua picha si kununua haki ya kuichapa kwenye kalenda au khanga. Haki hiyo hubaki kwa mchoraji, na hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, ila mkiwa mmeandikiana vingine. Mwekezaji anayemlipa kijana kuchora aandike mapatano kabla rangi haijafunguliwa.

La mwisho ni usafirishaji. Rangi ya mafuta iliyowekwa nene huchukua wiki kadhaa au miezi kukauka, na mvua za masika huongeza muda huo. Anayelenga wageni wa Julai achore Januari na Februari, na asizibandike picha mbichi ndani ya basi la Korogwe.