Menejimenti

Menejimenti (pia: usimamizi) ni kazi ya kupanga, kugawa, kuongoza na kudhibiti shughuli za watu wanaofanya kazi pamoja, ili lengo fulani lifikiwe kwa kutumia watu, fedha, vifaa na muda uliopo. Neno hilo hutumika pia kwa kundi la watu wanaofanya kazi hiyo katika kampuni, shule, hospitali au ofisi ya serikali, na kwa tawi la elimu linaloichunguza.

Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wamejadiliana kama menejimenti ni sayansi, sanaa au taaluma. Kama ni sayansi kamili, mtu aliyeisomea angeweza kusimamia shughuli yoyote, mahali popote, kwa kanuni zilezile. Kama ni kipaji tu, hakuna haja ya kuifundisha.

Jina

"Menejimenti" limetoholewa kutoka Kiingereza. Asili yake ya mbali ni neno la Kiitalia maneggiare, lililohusu kushika na kufundisha farasi, kutoka Kilatini manus, yaani "mkono". Neno "usimamizi" linatokana na kitenzi "simama": msimamizi ni yule anayesimama penye kazi mpaka iishe. "Uongozi" una maana pana zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na wafuasi bila kuwa na cheo. "Utawala" hutumika hasa kwa mamlaka ya serikali na kwa uendeshaji wa ofisi.

Historia

Kusimamia kazi za watu wengi ni jambo la kale, lakini menejimenti ilianza kuwa tawi la elimu mwishoni mwa karne ya 19, viwanda na kampuni za reli zilipokuwa kubwa kuliko uwezo wa mwenye mali kuziangalia peke yake. Nchini Marekani shule ya biashara ya Wharton ilianzishwa mwaka 1881 na ile ya Harvard mwaka 1908.

Mhandisi Mmarekani Frederick Winslow Taylor (1856–1915) aliamini kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora, na kwamba njia hiyo hupatikana kwa vipimo. Aligawa kazi katika vitendo vidogovidogo na kuvipima kwa saa. Kitabu chake kuhusu menejimenti ya kisayansi kilitoka mwaka 1911. Mwaka huohuo wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma kupinga kupimwa kwa saa. Bunge la Marekani lilichunguza mfumo huo, na baadaye likazuia fedha za serikali kutumika kwa vipimo vya namna hiyo katika viwanda vya jeshi.

Mfaransa Henri Fayol (1841–1925), mhandisi aliyeongoza kampuni ya migodi na chuma kwa miaka 30, aliitazama kazi kutoka juu. Katika kitabu chake cha mwaka 1916 alitaja kazi tano za msimamizi: kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Vitabu vingi vya shule bado vinafuata mgawanyo huo, ingawa "kuamuru" mara nyingi kumekuwa "kuongoza".

Kati ya miaka 1924 na 1932 utafiti ulifanyika katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Elton Mayo na wenzake walihitimisha kwamba uhusiano kati ya wafanyakazi, na jinsi wanavyoangaliwa na wakubwa wao, vina uzito katika uzalishaji. Tafsiri ya matokeo hayo bado inabishaniwa.

Sayansi au sanaa?

Mmarekani Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1978, alisema katika miaka ya 1940 kwamba kanuni za usimamizi zinafanana na methali: kwa kila moja kuna nyingine inayoipinga. Msemaji wa Kiswahili analielewa jambo hilo kwa urahisi. "Haraka haraka haina baraka" ni kweli, na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" ni kweli pia. Methali zenyewe hazisemi lini ifuatwe ipi.

Mfano mmoja ni huu. Kanuni moja inasema msimamizi awe na watu wachache chini yake. Nyingine inasema ngazi kati ya mkubwa na mfanyakazi ziwe chache. Wafanyakazi 64 wakisimamiwa wannewanne, na wasimamizi vilevile, zinahitajika ngazi 3 na wasimamizi 21. Wakisimamiwa wananewanane, ngazi ni 2 na wasimamizi 9. Haiwezekani kutii kanuni zote mbili; inabidi kujua aina ya kazi, umbali na uzoefu wa watu.

Henry Mintzberg wa Kanada aliwafuata wakurugenzi watano, kila mmoja kwa wiki moja, akatoa matokeo katika kitabu chake cha mwaka 1973. Hakuwakuta wakipanga kwa utulivu. Nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika 9, na muda mwingi ulikwenda katika mazungumzo.

Mfano wa Kongwa

Mpango wa karanga wa Tanganyika unaonyesha hasara ya kupanga bila kujua mahali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Serikali yake ikakusudia kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947.

Fedha, wahandisi na trekta vilikuwepo. Kilichokosekana ni habari za kutosha za mvua na udongo. Kongwa iko Ugogo, nchi inayojulikana na wenyeji wake kwa ukame. Mibuyu na vichaka vilikuwa vigumu kung'oa, trekta nyingi zilikuwa kuukuu na ziliharibika, na wakati wa kiangazi udongo uligeuka mgumu hata karanga zikashindikana kuchimbwa. Hata hivyo malengo yalikuwa yametangazwa, na kazi iliendelea kwa ukubwa kabla ya majaribio madogo kukamilika. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36.

Menejimenti kama taaluma

Daktari na mwanasheria hawaruhusiwi kufanya kazi bila kusajiliwa, nao wanaweza kufutwa wakikiuka maadili. Kwa kawaida meneja hana sharti kama hilo. Kwa sababu hiyo wengi huiona menejimenti kuwa kazi ya vitendo inayotumia elimu za sayansi, kama vile uchumi, saikolojia na takwimu, lakini inayokamilika kwa uzoefu.

Nchini Tanzania elimu hiyo hutolewa, kati ya vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Mzumbe, Morogoro. Chimbuko lake ni shule ya serikali za mitaa ya wakati wa ukoloni, iliyokuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972.