Gunia Moja la Maharagwe: Lishe Katika Miteremko ya Elgon

Anayepanda kutoka Chwele kuelekea Cheptais, katika kaunti ya Bungoma, msimu wa mavuno haoni dalili ya njaa njiani. Huona magunia ya mahindi kando ya barabara, vitunguu, kabeji, mikungu ya ndizi, na malori yanayosubiri kujazwa. Udongo wa Mlima Elgon ni zao la volkano ya kale, na mvua ya huku si ya kubahatisha. Upande wa mashariki wa mlima, kule Kitale, mji wa Trans Nzoia, hali ni hiyo hiyo. Ndiko kampuni ya Kenya Seed ilikoanzishwa mwaka 1956, na ndiko yalikofanyika mengi ya majaribio yaliyozaa mbegu ya H611, iliyowafikia wakulima mwaka 1964 na kuisaidia Trans Nzoia kupata sifa ya ghala la nafaka la taifa.

Pamoja na neema hiyo, watoto wanadumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Trans Nzoia, kwenye ghala lenyewe, kiwango kilikuwa asilimia 29. Kufikia mwaka 2022 kiwango cha taifa kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 18, na hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini karibu mtoto mmoja kati ya kila watano bado ni wengi mno, hasa katika nchi yenye miteremko kama hii.

Ninachoshikilia ni kwamba katika eneo lenye rutuba, lishe ya mtoto huamuliwa siku ya kuuza mazao. Ndiyo siku nyumba inapochagua kipi kiende sokoni na kipi kibaki, na mara nyingi kinachobaki ni kile kinachoshibisha tu. Tumbo hujaa, mwili ukabaki na madai yake.

Madai hayo yanajulikana vizuri. Mwili unataka nguvu ya kutembea, kulima na kuhema, nayo hutoka kwenye wanga na mafuta. Unataka protini ya kujenga misuli, damu na kinga dhidi ya magonjwa. Unataka vitamini na madini, vitu vinavyohitajika kwa kiasi kidogo sana lakini visipokuwepo kazi hukwama: chuma cha kubeba hewa ndani ya damu, iodini ya kuendesha ukuaji wa ubongo, zinki ya kuponya vidonda na kurefusha mifupa, vitamini A ya macho na kinga. Mtoto anayejengwa tumboni na katika miaka miwili ya kwanza hana subira. Kinachokosekana wakati huo hakifidiwi kwa urahisi baadaye, hata akila vizuri akiwa shuleni.

Ugali unalipa sehemu ya madai hayo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina nguvu nyingi na protini gramu 8 au 9 hivi, na hicho si kiasi cha kudharau. Tatizo ni aina ya protini. Protini huundwa kwa vipande viitwavyo asidi za amino, na mahindi yana upungufu wa viwili muhimu, lisini na triptofani. Kipande kimoja kikipungua, mwili hauwezi kuvitumia vingine vyote ipasavyo kwa ujenzi. Maharagwe yana lisini tele, na protini yake inapita gramu 20 kwa kila gramu 100. Ndiyo maana githeri, chakula ambacho wengi hukiona cha shuleni au cha mwisho wa mwezi, ni mlo uliopangika kuliko sahani ya ugali na kabeji iliyokaangwa. Mahindi na maharagwe vinakamilishana ndani ya sufuria moja.

Mahindi peke yake yana historia ya kuogofya. Mapema karne ya 20, kusini mwa Marekani, maskini waliokula unga wa mahindi karibu kila mlo walishikwa na pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, kuharisha na hatimaye kuvuruga akili. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba chanzo chake kilikuwa chakula, wala haukuwa wa kuambukiza. Baadaye ikajulikana kwamba kinachokosekana ni niasini, vitamini ambayo ndani ya mahindi imefungwa kiasi kwamba utumbo hauifikii. Tusidhani hayo ni ya kale au ya mbali. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra kwa maelfu, zaidi ya 18,000, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao na kubaki mahindi. Karanga hizo hizo hulimwa Bungoma, na hutwangwa kutia ladha kwenye mboga. Wanaozitwanga wanafanya zaidi ya kutia ladha.

Kinu cha kusagia nacho kina mkono wake. Punje ya mahindi ina kiini kidogo kilichojaa mafuta, vitamini za kundi B, zinki na chuma. Mahindi yakikobolewa ili unga uwe mweupe na laini, kiini na ganda huondoka, na mara nyingi huishia kwa ng'ombe na kuku. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa pakiti. Mkulima wa Cheptais, hata hivyo, hula mahindi yake mwenyewe, aliyoyabeba hadi kinu cha kijijini. Virutubisho vya kiwandani havimfikii. Kwake yeye, kusaga mahindi mazima ni njia ya karibu ya kubaki na kile ambacho kinu kingemnyang'anya, mradi mahindi yawe yamekaushwa vyema. Mahindi yaliyovunwa na unyevu huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui.

Sehemu ambayo wazee wa eneo hili waliifahamu vizuri ni mboga. Chukua saga. Majani yake huchumwa machanga, huchemshwa, maji machungu yakamwagwa, kisha hutiwa maziwa au malai na kuachwa yalale. Asubuhi uchungu umepungua, na chungu huwashwa tena kwa moto mdogo. Ukimuuliza mpishi atakwambia ni kwa ajili ya utamu. Lakini rangi ya majani ya kijani kibichi huficha kiini cha vitamini A, na mwili hauwezi kukinyonya bila mafuta. Maziwa yanaleta mafuta hayo, pamoja na protini na kalisi. Managu, mrenda, kunde na terere hupikwa kwa mtindo unaofanana na huo, ama kwa maziwa, ama kwa simsim au karanga.

Kwa miaka mingi mboga hizi zilihesabiwa magugu. Wataalamu waliwahimiza wakulima kupanda kabeji, na mtoto aliyekula managu alionekana wa nyumba maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuzirudishia heshima, akionyesha kwamba nyingi zimeishinda kabeji kwa chuma, kalisi na vitamini. Leo zinauzwa hadi kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Nafurahia hilo, ila linaleta hatari mpya: kwamba mboga itakapopata bei nzuri, nayo itaondoka nyumbani.

Kuna jambo dogo la mezani linalofaa kusemwa hapa. Chuma cha mboga na maharagwe ni kigumu kunyonywa, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya chai haikosekani. Kuisogeza saa moja au mbili mbali na mlo, na kula tunda kama pera au chungwa pamoja na mboga, kunaongeza chuma kinachoingia kwenye damu bila gharama yoyote. Mama mjamzito, ambaye malaria na minyoo huenda vimeshampunguzia damu, ananufaika kuliko wote.

Bungoma imekuwa pia uwanja wa kujaribia mambo haya. Kituo cha kimataifa cha viazi, kwa kushirikiana na wahudumu wa afya wa Bungoma na Busia, kiliendesha mradi ulioitwa Mama SASHA. Mwanamke aliyefika kliniki ya wajawazito alipewa vocha ya kuchukulia marando ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vilivyojaa kiini cha vitamini A, pamoja na mafunzo ya lishe. Mmoja wa waliozalisha aina hizo za viazi ni Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha, aliyekuwa miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kilichonivutia ni mahali mbegu ilipopitia. Ilitolewa kliniki, ikawekwa mikononi mwa mama, kwa ajili ya chungu chake.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanywa katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga kuanzia mwaka 2012, ukiandikisha wajawazito zaidi ya 8,000. Vijiji vingine vilipewa klorini ya maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono. Vingine vilipewa ushauri wa ulishaji na nyongeza ya lishe kwa watoto wadogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto waliopata lishe walirefuka kidogo kuliko wenzao. Maji, vyoo na sabuni peke yake havikuongeza kimo. Hilo halifanyi usafi kuwa jambo la hiari, kwani una faida zake nyingine. Linatuambia kwamba mwili haujengwi kwa kuepushiwa vijidudu tu. Na neno "kidogo" nalo lina uzito: pakiti ya nyongeza haiwezi kushika nafasi ya sahani ya kila siku.

Turudi basi kwenye siku ya kuuza. Maharagwe yakivunwa, bei huwa chini na madeni huwa mengi. Karo, mbolea, dawa, michango. Mnunuzi anafika na mizani, gunia linaondoka, na miezi michache baadaye nyumba ile ile inanunua maharagwe kwa gorogoro kwa bei ya juu, au haiyanunui kabisa. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa na bodaboda, na yanayobaki hutosha chai. Mayai hugeuka kuwa chumvi na sabuni. Hakuna ujinga katika maamuzi hayo. Kila moja lina sababu yake. Lakini yakijumlishwa, mtoto wa miaka miwili hubaki na uji mwepesi wa mahindi.

Maamuzi hayo hayafanywi na wote kwa usawa. Zamani mila za Waluhya wengi zilimkataza mwanamke kula kuku, na katika nyumba nyingi vipande vizuri bado humfuata baba. Anayelima maharagwe, kuyapalilia na kuyapika mara nyingi siye anayepanga yauzwe mangapi. Na kuna nyakati ambapo hakuna anayebaki na cha kuamua: kati ya mwaka 2006 na 2008, Cheptais ilipitia machafuko yaliyotokana na mzozo wa ardhi ya Chebyuk. Maelfu walikimbia, mashamba yakalala, mifugo ikapotea. Watoto waliozaliwa katika miaka ile waliuanza ujenzi wa miili yao katika njaa na hofu. Amani ya ardhi ni suala la lishe pia.

Katiba ya mwaka 2010 iko wazi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Huduma za afya na kilimo ziko chini ya kaunti tangu mwaka 2013. Hata hivyo, mafanikio ya kilimo bado hupimwa zaidi kwa magunia kwa ekari. Afisa wa kilimo na mhudumu wa afya ya jamii wanaweza kuingia boma moja kwa siku tofauti bila kuulizana chochote. Ningependa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia ziweke kimo cha watoto kwenye taarifa ile ile inayotaja mavuno, ili anayejivunia moja alazimike kujibu kuhusu kingine.

Na nyumba yenyewe inaweza kuanza kwa hesabu rahisi. Gramu 50 za maharagwe makavu, kiasi cha konzi moja, humpa mtu gramu 11 hivi za protini kwa siku. Kwa mwaka mzima hizo ni kilo 18 na ushei. Gunia moja la kilo 90, basi, linatosha watu 5 kwa siku karibu zote za mwaka. Gunia hilo litengwe kabla mnunuzi hajafika, na wakubaliane wote, baba na mama, kwamba haliuzwi. Mwenye ng'ombe aongeze kikombe cha maziwa kwa kila mtoto mdogo. Asiye naye aongeze omena, ambao huuzwa kwa vipimo vidogo na wana kalisi na vitamini B12 isiyopatikana kwenye nafaka wala mboga. Uji wa mtoto uchanganywe na wimbi, nafaka yenye kalisi maradufu kadhaa ya mahindi, na kijiko cha karanga zilizosagwa.

Hayo yote yanamea au kuuzwa Cheptais leo. Familia nyingi zinaweza kuyatenga. Zile zenye kipande kidogo cha ardhi au zisizo na ardhi kabisa haziwezi, na hizo ndizo serikali ya kaunti inapaswa kuzifikia kwanza, kabla ya kugawa mfuko wa mbolea kwa mwenye ekari kumi. Mlima umeshatoa sehemu yake. Kinachobaki ni uamuzi wa watu wazima, na unapaswa kufanywa kabla lori halijajazwa.