Maji ya Banda Yanaishia Wapi?

Mfugaji akiniuliza kibali cha kutiririsha majitaka kinatolewa wapi, nami humuuliza: maji ya banda lako yanaishia wapi? Wengine hunyoosha kidole kwenye mtaro unaoteremka mtoni. Kwa hao jibu ni jepesi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawapeleka kwenye Bodi ya Maji ya Bonde. Tanzania ina mabonde 9, na wafugaji wengi wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru wako Bonde la Pangani, ambalo bodi yake ina makao Moshi.

Wengine husema, "Nimechimba shimo, yanazama yenyewe." Hapo ndipo mazungumzo huanza, maana sheria hailindi mto peke yake, maji yaliyo chini ya ardhi nayo yamo. Mkojo wa ng'ombe umejaa naitrojeni. Ikishuka udongoni hugeuka kuwa naitreti, ambayo huyeyuka kwenye maji na haishikwi na udongo. Hufuata maji mpaka kisimani, na huko hatari yake kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Shimo lisilosakafiwa, basi, ni bomba lisiloonekana.

Kipimo kinachowashtua wengi ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo katika lita moja ya maji. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinaruhusu miligramu 30 kwa lita. Maji ya kuoshea banda na sehemu ya kukamulia huwa na 1,000 hadi 5,000. Kinyesi kilichochanganyika na mkojo hufika 10,000 na zaidi.

Lakini mkosaji mkubwa zaidi bandani hanuki, na ni mweupe. BOD ya maziwa ni kama miligramu 100,000 kwa lita. Ng'ombe akiugua kiwele akadungwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi kwa siku kadhaa, na mtu humwaga ndoo mtaroni bila wasiwasi. Si maziwa tu? Tufanye hesabu. Lita 20 za maziwa hayo zinadai gramu 2,000 za oksijeni. Maji ya mto yenye joto la kawaida hubeba takriban miligramu 8 kwa lita. Kwa hiyo ndoo ile moja inaweza kumaliza oksijeni ya lita 250,000 za maji. Samaki hawafi kwa sumu, hukosa pumzi. Ndoo hiyo imwagwe kwenye lundo la samadi, mbali na mfereji.

Wapo wanaodhani kuongeza maji kutashusha kipimo. Kuzimua si kutibu, na fomu ya maombi huuliza pia wingi: lita ngapi kwa siku, kutoka wapi, zimetibiwaje, zinaishia wapi. Mvua ndiyo humharibia mfugaji hesabu hapa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, linakusanya lita 200,000. Yakiangukia uani penye kinyesi, yote yanakuwa majitaka, na bwawa ulilochimba kiangazi litafurika masika. Gata na tanki ni rahisi kuliko bwawa la pili. Ningemwambia mfugaji yeyote aanze na gata kabla ya kushika fomu.

Mtambo wa biogesi unasaidia, ila haufuti kila kitu. Gesi inapotoka, BOD hupungua sana, lakini naitrojeni karibu yote hubaki kwenye tope linalotoka upande wa pili. Tope hilo ni mbolea nzuri kwa matete na migomba, likisambazwa kidogo kidogo ardhi ikiwa haijalowa. Ukilimwaga siku ya mvua kubwa, umelipeleka mto Kikuletwa, na kutoka huko bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa wavuvi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaongeza umbali: mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa hazitakiwi shughuli za kudumu, wala zinazoweza kuharibu hifadhi yake. Anayepanga shamba kubwa ana suala jingine pia, la tathmini ya athari kwa mazingira, nalo huanza kabla ya tofali la kwanza. Kwa mwenye ng'ombe 4, ambaye kila tone la bandani linaishia kwenye matete yake na halifiki mtoni wala kisimani, hakuna mtiririko wa kuombea kibali. Ajaribu tu kupita nyuma ya banda siku mvua inanyesha, aone.